Mikono ya Mama Mdogo na Karatasi ya Karafuu

Mikono ya mama mdogo ilianza kuwasha siku ya pili baada ya kusifiwa. Yeye mwenyewe kila akisimulia alianzia hapo, si pengine, na ukimuuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini, alikujibu kwamba kabla ya hapo alikuwa mzima.

Aliyemsifu ni rafiki yake wa tangu chuoni, wakati wanasoma Kurani kwenye jamvi moja na kupigwa fimbo moja. Siku hiyo walikuwa katika kibanda cha sabuni kwetu Kengeja, Pemba. Mama mdogo anakata miche ya sabuni kwa waya, rafiki yake anakosha sufuria, na katika kukosha kwake akainua macho akasema, "Weye mikono yako haizeeki. Laini kama ya mwari." Kisha akarudi kwenye sufuria yake. Neno la mashaallah hakulitia. Mama mdogo anasema alilisubiri, akakata mche mzima anasubiri, na halikuja. Keshokutwa yake vidole vikaanza kuwasha, vikavimba, na ngozi ya katikati ya vidole ikapasuka.

"Si kijicho hicho?" aliniuliza kwenye simu. "Kama si kijicho, n'nini?"

Mimi ni mwalimu wa kemia. Naishi Tibirinzi, mjini Chake Chake, kwa sababu ya skuli, lakini Ijumaa baada ya sala huwa sina kazi nyengine ila kwenda kwetu. Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, kwa hiyo tunagombana kama mama na mwana, heshima haipungui na sauti pia hazipungui. Siku ile nilimwambia aende hospitali. Akaniambia hospitali hawana dawa ya kijicho. Nikamwambia basi asiniulize mimi, maana na mimi sina. Akakata simu, na mimi nikabaki na hasira zangu na daftari za wanafunzi, ambazo siku hiyo zilipata alama ndogo kuliko zilivyostahili.

Ijumaa nilipofika niliona jambo limekuwa kubwa. Kikundi chao cha kina mama hupika sabuni kwa mafuta ya nazi, unga wa mwani, kostiki, yale magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, na mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwenye makonyo, vile vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu zao. Kazi yote anaweza kufundishwa mtu yeyote, isipokuwa pahala pamoja tu. Uji wa sabuni ukishaanza kuwa mzito, kuna dakika yake ya kutia mafuta ya karafuu. Ukiwahi, harufu inapotea. Ukichelewa, sabuni inagandia mwikoni. Rafiki wa mama mdogo ndiye mkorogaji, mama mdogo ndiye mmiminaji, na miaka yote hiyo walikuwa wakitazamana tu, mmoja anainua nyusi, mwengine anamimina.

Sasa walikuwa hawatazamani. Mama mdogo alisimama amempa mgongo mwenzake, mikono amefunga vitambaa vya kanga, akamwambia mwenyekiti wao, "Nwambieni huyo mkorogaji, uji wake tayari au bado?"

Mkorogaji alikuwa umbali wa mkono mmoja. Akamwambia mwenyekiti huyo huyo, "Mwambieni namsikia. Bado."

Mwenyekiti, mwanamke mnene mwenye subira ya ajabu, alikuwa akipeleka habari kutoka bega hili kwenda bega lile, na habari ilipofika, dakika ilikuwa imekwisha kupita. Sabuni ya siku hiyo ilitoka upande mmoja inanukia karafuu mpaka unapiga chafya, upande wa pili nazi tupu. Tuliigawana wenyewe. Mimi hadi leo nina mche mmoja bafuni.

Nilicheka, sikatai. Lakini nilipomtazama rafiki yake mama mdogo sikupenda alivyokuwa. Mwanamke yule kwa kawaida hucheka kabla hujamaliza kusema, na siku ile alikuwa amekaa anatazama chini. Mtoto wa mmoja wa kina mama alikuja akitambaa mpaka miguuni kwake, naye akageuka akatazama ukuta. Nikadhani amenuna. Nikasema moyoni, wazee wawili wazima, watoto wa chuo wana nafuu.

Katikati ya ugomvi huo ndipo zilipokuja karatasi. Kulikuwa na mnunuzi mjini Unguja anataka sabuni yetu apeleke kwenye nyumba za wageni, lakini alitaka kwanza aone ukutani karatasi za usalama za vitu tunavyotumia, kwa lugha wanayoisoma wanaovitumia. Zilizokuja na dumu zilikuwa za Kiingereza. Moja ya kostiki, moja ya mafuta ya karafuu, kila moja kurasa kadha wa kadha. Mwenyekiti akanikabidhi kama anayenikabidhi mtoto mgonjwa. "Mwalimu, kazi hiyo."

Nikakaa nazo barazani Jumamosi nzima. Karatasi hizi zina sehemu nyingi: jina la kitu, namna ya kukiweka, namna ya kuzima moto wake. Lakini moyo wake uko sehemu ya pili. Hapo kuna michoro ndani ya pembe nne nyekundu iliyosimama kwa ncha. Kuna neno moja kubwa, ambalo ama ni Hatari ama ni Tahadhari, hakuna la tatu, na Hatari ndilo zito. Kisha zinafuata kauli zenyewe za hatari, fupi fupi, kila moja na nambari yake. Kauli hizi hazitungwi na muuzaji. Zimekwisha tungwa zamani na kukubaliwa na mataifa, na muuzaji kazi yake ni kutoa zile zinazohusu kitu chake na kuziandika zilivyo. Mtu anayefungua dumu la kostiki nchi ya mbali huko anasoma maneno yale yale anayosoma mtu wa Kengeja.

Nakiri nilizipenda, japokuwa zilinipa tabu. Mimi ni mtu wa maneno mengi. Kwenye kostiki nilipoandika "Husababisha majeraha makali ya kuungua kwenye ngozi na madhara makubwa kwenye macho," mkono wangu wenyewe uliongeza, "kwa hiyo jamani tulieni, msipige soga!" Ikabidi nifute. Kauli haipigi kelele, haibembelezi, haitaji mtu. Inasema kitu hiki kina tabia hii, basi. Ya kufanya yameandikwa pembeni yake: vaa glavu, linda macho, ukirukiwa osha kwa maji mengi. Nilifuta vijineno vyangu vingi siku ile, na kila nilichofuta kiliniuma.

Jumapili asubuhi nikazisoma mbele ya kikundi kizima. Sikufika mbali.

"Mbona haina salamu?" akauliza mwenyekiti.

Nikamwambia si barua.

"Hata kama. Ntu anaingia tu, Hatari, Hatari! Angalau Bismillahi juu."

Tukakubaliana Bismillahi iandikwe kwenye karatasi nyengine, ibandikwe juu yake. Mwengine akauliza mchoro wa alama ya mshangao unashangaa nini. Mwengine akataka kila kauli iishie na inshaallah, kwa sababu mambo ya kesho hayasemwi hivi hivi. Nikawasomea jinsi itakavyokuwa: "Husababisha majeraha makali ya kuungua, inshaallah." Kibanda kizima kikaangua kicheko, na yule aliyependekeza ndiye aliyecheka mpaka akashika nguzo.

Kostiki haikumshangaza mtu. Wote wanaijua, wote huivalia glavu nene za mpira hadi kwenye kiwiko, na wengine wana makovu ya siku za mwanzo. Nilipomaliza wakatingisha vichwa kama wanaosikia sifa mbaya za mtu wanayemfahamu. Kisha nikachukua ya pili. Nikasema, mafuta ya karafuu, Tahadhari. Husababisha mwasho kwenye ngozi. Huweza kusababisha mzio wa ngozi. Husababisha mwasho mkubwa kwenye macho.

Hapo palichafuka.

Nilipaswa kulitarajia, kwa sababu na mimi ni wa Pemba. Kwetu hakuna mwanamke asiye na kichupa kidogo cha mafuta ya karafuu mkobani. Jino likiuma ni hayo, kichwa ni hayo, tumbo, baridi, mbu, mguu ulioteguka, ni hayo hayo. Karafuu ndiyo iliyotusomesha wengi wetu na kutuoza wengi wetu. Mimi nimesimama na kipande cha karatasi nasema karafuu ina tabia mbaya, mbele ya watu ambao wangesamehe upesi zaidi kama ningewasema waume zao.

"Karafuu imdhuru ntu wa Pemba?" Sauti ya mama mdogo ndiyo iliyopanda juu kuliko zote. "Mie nimevyaliwa chini ya nkarafuu! Hiyo karatasi imeandikwa na nani? Kesha kuiona karafuu huyo?"

"Huenda hajaiona," nikasema.

"Basi na anyamaze!"

Wakampigia makofi. Karatasi ya karafuu tuliibandika kwa ajili ya mnunuzi tu, chini kabisa, karibu na fagio. Rafiki yake mama mdogo ndiye peke yake aliyesimama akaisoma yote, polepole, kwa kidole, mpaka mwisho. Kisha akachukua mwiko akatoka.

Mchana wa siku hiyo mimi na mama mdogo tulikaa uani. Muhogo ulikuwa wa kumenya na yeye hawezi kushika kisu, kwa hiyo mimi namenya na yeye ananikosoa. Jua lilikuwa limempiga ubavuni, akasogeza mtandio nyuma, na mimi nikaona kwamba mwasho hauko mikononi peke yake. Nyuma ya masikio palikuwa pamewiva. Kwenye mapanja yote mawili, wekundu na vipele vidogo vidogo.

Mpaka wakati huo kama mwalimu wa kemia nilikuwa nimekwisha toa hukumu yangu kimya kimya: kostiki. Nikajua nimekosea. Kostiki haisubiri keshokutwa. Inauma pale pale inapogusa, na inamuuma kila mtu, haichagui. Na haiwezi kupanda kutoka kwenye ndoo ikakaa nyuma ya sikio la mtu aliyejifunga ushungi.

"Huko kichwani kumeanza lini?" nikauliza.

"Kijicho kimepanda," akasema.

"Kabla hakijapanda, hapo ulikuwa unapaka nini?"

"Mafuta. Kichwa kinaniuma, nisipake mafuta?"

"Na mikononi unapaka nini?"

"Mafuta. Usiku na asubuhi. Ndiyo yanayonipa nafuu kidogo, halafu mwasho unarudi vibaya zaidi."

"Mafuta gani?"

Akanitazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyesomeshwa sana hadi akapotea. "Kwani kuna mafuta gani mengine?"

Nikaweka kisu chini. Nataka niseme kwamba nilizungumza naye kwa upole, lakini yeye bado yuko hai na atanikadhibisha. Nilipiga kelele. Nilimwambia kwamba anazima moto kwa mafuta ya taa. Nikakimbilia kibandani, nikabandua karatasi pale karibu na fagio, nikarudi nayo, nikamsomea ile kauli ya pili: huweza kusababisha mzio wa ngozi. Nikamweleza kwamba mzio ni mwili wenyewe kukikataa kitu, na kwamba mwili unaweza kukivumilia kitu miaka na miaka kisha siku moja ukakikataa. Ukishakikataa, unakumbuka, na kila kikigusa unapiga kelele, siku ile ile au ya pili yake.

"Mbona wenzangu hawawashwi?"

"Ndiyo maana wameandika huweza. Wengine kinawapata, wengine hakiwapati. Kostiki hawakuiandikia huweza."

Akaichukua karatasi kwa ncha za vidole, ingawa hasomi bila miwani na miwani ilikuwa ndani.

"Hawa walioandika wananijua?"

"Hawakujui."

"Washaniona?"

"Hawajakuona."

"Basi wamejuaje?"

"Kwa sababu hukuanza wewe. Wako waliokutangulia, wengi, huko na huko, mikono yao imefanya hivi hivi. Ndiyo maana hata kauli yenyewe ina nambari."

"Mwasho wangu una nambari?"

"Unayo. Mia tatu na kumi na saba."

"Alaa," akasema mama mdogo, na kwa mara ya kwanza wiki zile niliona uso wake umelegea. Alikaa kidogo akiitazama ile mikono, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alidhani ni yeye peke yake duniani. Jioni hiyo hiyo jirani alipopita kumjulia hali, hakuambiwa habari za kijicho. Aliambiwa, "Nna mia tatu na kumi na saba," na jirani akasema pole sana, akidhani ni sukari.

Lakini kuamini hakuamini moja kwa moja. Tuliwekeana sharti. Aache mafuta kabisa, mikononi, kichwani, hata harufu yake asikae nayo karibu, mpaka mwezi mwengine uandame. Asipopona, mimi nitaila karatasi mbele ya kikundi. Akaniuliza kama nitaila na chai au kavu. Nilimpeleka pia hospitali Chake, na daktari alipoitazama mikono akauliza kazi yake, akasema yale yale niliyosema mimi kwa maneno machache kuliko yangu, akampa mafuta ya kupaka yasiyo na harufu yoyote. Mama mdogo hakuyaheshimu kwa sababu hiyo ya harufu, ila aliyapaka.

Kikundi kikampa kazi ya kukuna nazi na kusaga mwani, mbali na dumu. Wenziwe wakaanza kuvaa glavu hata wakati wa karafuu, mwanzo kwa kumuonea haya, kisha kwa mazoea. Karatasi ikapandishwa kutoka karibu na fagio, ikakaa sambamba na ya kostiki. Mnunuzi alipokuja alizisoma zote mbili amefunga mikono nyuma, na ile ya Bismillahi pia, akasema amefurahi. Na sisi tulifurahi, tukampikia pweza wa nazi.

Mikono ikapona. Ngozi ilijifunga, uvimbe ukashuka, wekundu ukahama masikioni. Nyumba nzima ilifurahi isipokuwa mwenye mikono. Kadiri ilivyokuwa inapona ndivyo alivyokuwa anazidi kuificha. Akifika mgeni, mikono inaingia ndani ya kanga. Ukimuuliza, bado inawasha. Ijumaa moja nilimkuta anakuna nazi, haraka haraka kama msichana, na aliponiona tu akaiacha mbuzi na kujifuta, akaanza kugumia kama anayeumwa.

"Imepona," nikasema.

"Imepona wapi."

"Mama mdogo, imepona. Sili karatasi mie."

Akainama akazoa nazi iliyokunwa. Kisha likamtoka lililokuwa likimkaa moyoni. "Ikiwa imepona, ntamwambia nini yule?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Kama ni mafuta, basi si kijicho. Kama si kijicho, basi amemkata rafiki yake wa maisha bila ya kosa, tena hakumkata kimya kimya. Alikuwa ameniambia mimi, na mwenyekiti, na jirani wa nyuma na wa mbele, na Kengeja si pahala pa kumwambia mtu mmoja. Mwasho ulikuwa na dawa. Hili lilitaka miguu yake mwenyewe na mdomo wake mwenyewe. Alinitaka niende naye, na nibebe karatasi.

"Kwani ni kesi?" nikamuuliza.

"Ibebe tu."

Karatasi ilikuwa ukutani, nikaipiga picha kwa simu. Tulifika baada ya alasiri. Rafiki yake alitukaribisha ndani, akatuwekea maji, akakaa kwenye mkeka uso ameuelekeza mlangoni, si kwetu. Mama mdogo akaanza salamu. Aliuliza hali yake, hali ya kuku, hali ya muhogo, kisima kama kina maji, paa kama linavuja, na yote alijibiwa alhamdulillahi, moja baada ya moja. Salamu zikaisha. Mama mdogo akatoa mikono ndani ya kanga akaiweka mapajani, wazi, juu na chini, ionekane.

"Yalikuwa mafuta," akasema. "Mafuta ya karafuu. Hayakuwa mengine. Nimekukosea, shoga yangu. Nimekusema kwa watu na hukunifanya kitu. Nisamehe."

Nilitaraji machozi, au kicheko, au matusi, na yote matatu nilikuwa tayari nayo. Yule mwanamke hakufanya hata moja. Aliuliza tu, polepole, "Kwa hivyo si mie?"

"Si weye."

"Una hakika si mie?"

Ndipo akaeleza. Maneno yalimfikia siku za mwanzo kabisa, dukani. Mwanzo alikasirika. Kisha akaanza kukumbuka. Kuna mbuzi wa jirani aliyemsifu, akafa. Kuna mtoto alimwambia una macho mazuri, akashikwa na homa. Akakaa akajumlisha, na kila alilojumlisha lilikubali, mpaka akaona labda ni kweli na yeye mwenyewe alikuwa hajijui. Binti yake alikuwa amejifungua wiki zile zile, mjukuu wa kwanza, mtoto wa kike. Alikwenda, akamkanda mzazi, akapika, akafua nepi zote, mpaka arubaini ikatoka. Mtoto hakumtazama hata siku moja. Wakimpa ampakate, alisema mgongo unamuuma. Wakisema anafanana naye, alikwenda kuchochea moto.

"Nilikuwa namsikia tu anavyolia," akasema. "Sauti yake naijua."

Mama mdogo alikuwa amejifunika uso na ile mikono yake iliyopona.

"Mwalimu," akaniita yule rafiki. "Ile ya ukutani. Niliisoma siku ile, lakini nilihisi naisoma ninavyotaka mie. Nisomee weye."

Nikafungua simu, nikakuza picha. Nikamsomea sentensi ile kavu isiyo na salamu, ambayo mimi nilikuwa nataka kuitia vijineno vyangu, na nikashukuru kwamba nilivifuta. Nilisoma jina la kitu kwanza, kisha kauli yenyewe: mafuta ya karafuu, huweza kusababisha mzio wa ngozi.

"Hapo pana jicho la ntu?"

"Hapana."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Alikuwa akisikiliza midomo inamcheza, anaifuata. Mara ya tatu alinitangulia mwenyewe.

Mama mdogo akasimama. Alipangusa uso kwa ncha ya kanga, na sauti yake ya siku zote ikarudi. "Vaa buibui."

"Nende wapi saa hizi?"

"Vaa, nakwambia."

Nyumba ya binti haikuwa mbali, nyuma ya skuli. Walitembea mbele yangu, mama mdogo amemshika mwenzake kiganja kama anayempeleka mtoto siku ya kwanza chuoni, na njia nzima walikuwa wakibishana kuhusu sabuni, nani aliyeiharibu ile ya upande mmoja, mkorogaji au mmiminaji. Binti yake alikuwa uani anaanika nguo. Alipowaona wawili pamoja hakuuliza kitu. Aliingia ndani akatoka na mtoto, akamtia mikononi mwa mama yake kabla mgongo haujapata nafasi ya kuuma.

Bibi yake akampokea. Alimpakata vizuri, kichwa kwenye kiwiko, mkono mmoja chini, anajua kazi. Lakini macho alikuwa ameyafumba, ameyabana kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka.

Mama mdogo akasogea akamsimamia ubavuni. "Fumbua," akamwambia. "Fumbua macho, ntazame mjukuuo."

Akafumbua. Mtoto alikuwa macho, anamtazama.